Barua ya uhamisho ya afisa wangu bora iko droo kwangu. Niipitishe?

Shikamoo Mama,

Naongoza idara ya kilimo katika halmashauri moja ya mkoa wa Mtwara. Kazi yetu kubwa, kama unavyojua huku kwetu, ni korosho. Kwa mpango wa serikali kila kijiji kinatakiwa kiwe na afisa ugani wake, lakini kwetu afisa mmoja anabeba kata nzima na wapo wanaobeba kata mbili. Hilo tumelizoea. Kinachonimaliza nguvu ni kwamba hata hao wachache hawakai.

Ndani ya miaka miwili wameondoka watatu. Wa kwanza alimfuata mwenza wake Morogoro. Wa pili aliomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, akafaulu usaili, akaenda kwenye taasisi moja yenye muundo wake wa mishahara. Wa tatu alikwenda kusoma shahada ya uzamili, na alipomaliza akapangiwa kazi mkoa mwingine, ilhali muda wote huo tulikuwa tumemshikia nafasi yake. Ajira mpya zikitoka nako ni hivyo hivyo. Kijana anaripoti, anasubiri cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara), mshahara wa kwanza ukishaingia anaanza kuulizia namna ya kuhama. Akiambiwa lazima atumikie miaka mitatu kwanza, anaanza kuihesabu.

Sasa imefika zamu ya yule ninayemtegemea kuliko wote. Ni kijana wa Kagera, yuko hapa mwaka wa tano. Alikuja hajui mkorosho, leo ndiye anayeratibu zao hilo wilaya nzima. Anajua kijiji gani kina mikorosho iliyochoka ya kung'olewa, anajua chama gani cha msingi kina katibu anayetunza vitabu na kipi hakina. Kanzidata ya wakulima iko mikononi mwake, na ikivurugika hiyo, salfa na viuatilifu vya ruzuku haviwafikii wanaostahili. Wakulima wamempa jina la Kimakonde. Mke wake ni muuguzi Dodoma, wana watoto wawili, na yule mdogo anaumwa mara kwa mara. Mwezi uliopita aliniletea barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, niweke maoni yangu ipande kwa mkurugenzi.

Mama, barua hiyo sijaipandisha. Nimeiweka droo. Akiniuliza namwambia nalishughulikia. Mkurugenzi mwenyewe alishatamka kwenye kikao kwamba asitoke mtu mpaka mbadala wake afike, ila hajaliandika popote. Na mimi nikimwachia huyu, mwezi Juni mikorosho itakapoanza kutoa maua nitasimama na nani? Msimu uliopita, kwenye kata ya yule aliyekwenda Morogoro, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye maua ya mkorosho, uliingia na wakulima wakawa wanapiga salfa kwa kukisia, kila mmoja kwa siku yake. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alisimama akaniambia, "Mnatuletea watu wa kupita. Wakishatujua kwa majina, mnawaondoa." Sikuwa na la kumjibu.

Nina pia kijana mzawa wa hapa, mhitimu wa chuo cha kilimo MATI Mtwara, anayejitolea idarani kwa zaidi ya mwaka. Anafanya kazi kama mwajiriwa, na mara nyingine nauli nampa kutoka mfukoni mwangu. Wenzangu kwenye menejimenti wanasema dawa ni kuchukua wazawa tu, kwamba wa mikoa mingine hawakai. Sijui kama ni kweli.

Naomba unisaidie. Ni haki kumzuia mtu mmoja kwa ajili ya wakulima wote hawa? Na hawa waliobaki nitawashikaje wakati mshahara siupangi mimi?

Mkuu wa idara, Mtwara

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Barua hiyo ipandishe wiki hii. Nakuambia mapema ili tusizungumze mambo mengine huku kijana wa watu bado anasubiri. Wewe kwenye uhamisho huu huna mamlaka ya kuamua. Unayo nafasi ya kutoa maoni. Anayeridhia au kukataa kwa upande wenu ni mwajiri wako, yaani mkurugenzi, na kwa kuwa anataka kwenda mkoa mwingine, neno la mwisho liko TAMISEMI. Barua ikikaa kwako bila maoni, umechukua uamuzi ambao si wako, na umeuchukua kimyakimya. Kama maslahi ya wakulima yanataka huyu bwana abaki, basi yaandike maslahi hayo kwenye karatasi, yasomwe na wenye kuamua, na yeye mwenyewe ajue umeandika nini.

Nilikuwa afisa utumishi katika mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, mpaka nikastaafu. Barua za uhamisho zilizopita mezani kwangu ni nyingi mno, na nilichokiona kuhusu zile zinazozuiliwa ni hiki: huzuiwa ya mchapakazi. Yule asiyefika kazini, yule mwenye kesi ya nidhamu kila robo mwaka, barua yake inasainiwa siku hiyohiyo na anatakiwa heri. Vijana wenzao wanaliona hilo. Hakuna anayewaeleza, lakini wanajifunza kwamba katika ofisi hii ukijituma unafungwa, ukizembea unafunguliwa. Wewe unadhani umemshika mtu mmoja, kumbe umewafundisha wengine saba namna ya kutojituma. Na huyo uliyemshika naye hakai vilevile. Atatafuta mtu wa kumpigia simu Dodoma, au mwili wake utabaki ofisini na moyo wake utaondoka, na kanzidata unayoiogopea itaharibika yeye akiwa amekaa hapohapo kwenye kiti chake.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo naona wakuu wa idara wengi hawajalitazama vizuri. Unasema utawashikaje watu wakati mshahara huupangi. Mwanangu, huyu kijana akienda halmashauri yoyote ya Dodoma, ngazi yake ya mshahara ni ileile. Haongezewi hata shilingi. Na kwa kuwa ameomba mwenyewe, serikali haimlipi gharama za uhamisho: nauli yake, mizigo yake, kodi ya nyumba mpya, vyote atavitoa mfukoni. Mtu anayekubali kulipa ili aondoke, akapokee mshahara uleule, hakukimbia kwa sababu ya mshahara. Katika hao watatu waliotangulia, ni mmoja tu aliyefuata malipo, yule wa taasisi, na huyo kweli huna cha kumshindania. Wengine walifuata mambo mengine. Watumishi wetu wa serikali wachache sana huacha kazi moja kwa moja; michango yao kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF, asilimia 5 yao na 15 ya mwajiri, haina maana kubwa ya pensheni mpaka itimie miezi 180. Kwa hiyo wanahama. Na anayehama ndani ya mfumo uleule anatafuta mwenza, anatafuta hospitali, shule ya mtoto, au anatafuta ofisi ambayo itamwona. Mawili matatu kati ya hayo yamo ndani ya uwezo wako.

Turudi kwa kijana wako. Kabla barua haijapanda, mwite, mkae kama watu wazima, na umuulize swali ambalo naamini hakuna aliyemuuliza: je, mwenza wake angeweza kuja huku? Tumezoea kufikiri kwamba aliye mjini ndiye anayevuta. Lakini utaratibu wa kumfuata mwenza unakwenda pande zote mbili, na muuguzi anayeomba kutoka Dodoma kuja Mtwara anakwenda kule ambako wauguzi hawatoshi, kwa hiyo ombi lake mara nyingi lina njia nyepesi kuliko la mumewe la kwenda Dodoma. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo pale Mitengo, hospitali ya mkoa ya Ligula ipo, hospitali za wilaya zipo, na hospitali ya misheni ya Ndanda haiko mbali. Kwa mtoto anayeumwa mara kwa mara, hili la hospitali ya kanda lina uzito, maana zamani mgonjwa wa hivyo alikuwa akipelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Muulize tu, usimsukume. Pengine mama watoto ana wazazi wazee kule, pengine ana sababu zake. Akisema haiwezekani, amekwisha kusema, na wewe usirudie.

Kama ni haiwezekani, kwenye maoni yako andika ukweli wote. Andika kwamba ameitumikia halmashauri zaidi ya miaka mitatu na utendaji wake ni mzuri. Andika kwamba sababu yake ni ya kifamilia na unaiunga mkono. Kisha andika pengo atakaloliacha, kwa kulitaja: mratibu wa zao la korosho, msimu wa kupulizia unaanza takriban Juni, unaomba mbadala wa kada ileile au mtumishi wa kubadilishana naye, na unaomba tarehe ya kumwachia iwe baada ya makabidhiano kukamilika. Kubadilishana mara nyingi husahaulika. Wapo watu wa kusini walioko Dodoma na Singida ambao wangefurahi kurudi karibu na wazazi wao. Kijana mwenyewe amtafute mtu wa kada yake. Vijana wana makundi yao ya simu kwa kazi hiyo, na anayetafuta kwa moyo ni yule anayetaka kuondoka.

Kuhusu makabidhiano nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye jeraha la wakulima wako. Yule mzee aliyesimama mkutanoni aliposema "watu wa kupita" alikuwa anasema kwamba kila afisa akiondoka, kijiji kinaanza upya. Kwa nini kianze upya? Makabidhiano tunayoyafanya serikalini ni ya vitu: pikipiki moja, kabati moja, kipimo cha udongo, funguo. Mtu anasaini, basi. Tangu serikali ilipogawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022 tumekuwa wakali sana juu ya pikipiki, na ni sawa, ni mali ya umma. Lakini alichonacho huyu bwana kichwani kina thamani kuliko hiyo pikipiki na hakuna fomu inayokidai.

Kidai wewe. Tangu sasa mpaka siku atakayoondoka, kila anakokwenda aende na mwenzake mmoja uliyemchagua, na awe anaongea njiani. Kitongoji gani ubwiriunga huanza mapema, na wapi blaiti, ule ugonjwa wa kukausha majani na machipukizi, hurudi kila mwaka. Mkulima gani shamba lake hutumika kama darasa. Orodha ya wakulima wa kijiji fulani ilikuwa na majina ya marehemu, yalifutwa lini, nani alilalamika. Nani pale kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele hupokea simu akiulizwa juu ya dalili ngeni za majani. Kisha ayaandike, kijiji kwa kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida, kwenye daftari litakalobaki ofisini na kwenye kompyuta ya ofisi. Hapo nisisitize: kompyuta ya ofisi. Nimeona idara ambazo kumbukumbu zote za miaka mitano zilikuwa kwenye kompyuta binafsi ya afisa na kwenye simu yake, na alipohama vikahama naye, wala hakuwa na nia mbaya. Vyama vya msingi navyo viwe na namba ya simu ya ofisi, si ya mtu.

Na kabla hajaondoka, zunguka naye kwenye vijiji vikubwa, amtambulishe mrithi wake mbele ya wakulima. Mwachie aage. Huku kusini mtu akiondoka bila kuaga watu husema alifukuzwa, na yule anayekuja baada yake hupokelewa na maswali.

Hao waliobaki sasa, na hao watakaokuja.

Unajua historia yetu. Kulikuwa na wakati mtumishi kupangiwa Lindi au Mtwara kulihesabiwa kama adhabu, na mvua zikinyesha kivuko cha Rufiji kilikuwa kikimaliza habari yote. Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003, kipande cha Ndundu hadi Somanga kikachukua miaka mingi zaidi kupata lami. Hata Mei 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, watu wote waliikumbuka ile kusini ya zamani. Kijana wa leo anayepangiwa huku ameyasikia hayo kutoka kwa wajomba zake. Anashuka kwenye basi akiwa tayari ameshaamua kwamba hakai. Una wiki chache za kumbadilisha mawazo, na wiki hizo ofisi nyingi huzipoteza.

Nani anampokea? Nakuuliza wewe, mkuu wa idara. Mwajiriwa mpya anayo posho yake ya kujikimu kisheria, lakini inaweza kuchelewa, na mshahara wa kwanza nao unaweza kuchukua muda mpaka taarifa zake ziingie. Katika muda huo binti wa miaka 24 analala wapi, anakula nini? Kama jibu ni kwamba afisa utumishi atajua, basi umeshampoteza. Mpokee wewe, au mtume mtu. Kabla hajafika, ongea na mtendaji wa kata na mwalimu mkuu watafute chumba chenye mlango unaofungika na maji karibu. Juu ya uwanda wa Makonde huku maji si jambo dogo, na mgeni asiyejua wapi pa kuchota anateseka siku ya kwanza tu. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji. Waswahili tumesema mgeni njoo mwenyeji apone, na yule kijana anayeletwa na serikali ndiye hasa anayekuja kutuponya. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyobeba jina la mtoto wa Lupaso, wilaya ya Masasi, ilipojenga nyumba za watumishi wa afya katika maeneo ya pembezoni, ilikuwa imeelewa kwamba mtu hukaa pale anapolala salama. Kilimo hatukupata bahati hiyo, lakini nyumba zilizojengwa kwa fedha za korosho na kukosa wapangaji zipo katika vijiji vingi, na wenye nyumba hupangisha kwa bei ya kirafiki wakiombwa na mtu wanayemheshimu.

Halafu kuna makaratasi, na hapa mkuu wa idara asijitetee. Mtumishi mpya yuko kwenye majaribio miezi 12. Ikifika, apewe barua ya kuthibitishwa kazini bila yeye kuja kubisha hodi mara tano. Malengo yake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, yapitiwe kwa wakati, maana yasipopitiwa na wewe, kupanda kwake cheo kunakwama kwa uzembe ambao si wake. Tazama mshahara wake baada ya makato: kodi, PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15. Mtu wa namna hii mwaka mmoja wa kucheleweshewa cheo unamuuma kuliko unavyodhani wewe uliyefika juu. Nimeona watumishi wakiomba kuhama si kwa sababu Mtwara ni mbali, ila kwa sababu huko waendako kuna bosi anayejulikana kuwa anapitisha makaratasi ya watu.

Safari na semina je? Kila idara ina wale wawili watatu ambao majina yao hupendekezwa kila mara, na wapo wanaokaa kijijini miaka bila kuitwa hata mafunzo ya siku moja. Agosti, kwenye Nanenane pale Ngongo, Lindi, banda lenu husimamiwa na nani? Mpe yule wa kata ya mbali zaidi. Mwambie yeye ndiye atakayetoa maelezo viongozi wakipita. Hilo halina gharama mpya, na kijana aliyesimama mbele ya watu akaeleza kazi yake mwenyewe hurudi kijijini akiwa mtu mwingine.

Juu ya wazawa. Wenzako wana ukweli kidogo, na wanataka kuufanya uwe ukweli wote. Anayejua lugha ya nyumbani na mwenye mama yake karibu ana sababu ya kubaki, nakubali. Lakini ajira ya utumishi wa umma ni ya Watanzania wote na usaili wake uko Sekretarieti ya Ajira, si kwenye kikao chenu. Na isitoshe, nimewaona wazawa wakihama mwaka uleule waliothibitishwa, na nimewaona Wahaya, Wanyakyusa na Wasukuma waliokuja huku wakiwa na begi moja, leo wana mashamba ya mikorosho na wajukuu Masasi na Nachingwea. Kilichowashika ni kwamba walipata kitu cha kwao. Afisa wako akitaka shamba, msaidie alipate kwa njia ya haki kupitia serikali ya kijiji, mbele ya watu, tena ajulikane kwamba naye ni mkulima ili zamu ya salfa isije ikazua maneno.

Ila kijana wako anayejitolea ananisumbua moyo. Zaidi ya mwaka bila malipo, akifanya kazi ya mwajiriwa! Nauli unayompa mfukoni inaonyesha una huruma, lakini huruma haina kumbukumbu popote. Ukihama wewe, yeye hana kitu. Mwandikie barua rasmi inayotaja kazi anazofanya na tangu lini, ili akienda kwenye usaili awe na cha kuonyesha. Nafasi zikitangazwa, mpe siku za kujisomea. Na kama halmashauri ina uwezo, omba mkataba wa muda unaolipwa kwa mapato ya ndani.

Ndipo tunafika kwa mkurugenzi. Agizo lake la mdomo kwamba asitoke mtu mpaka mbadala afike lina hoja, lakini mbadala haji kwa kusubiriwa, anaombwa. Sasa ni Novemba. Minada ya korosho inaendelea, ushuru wa mazao, ile asilimia 3, unaingia, na ndio huu wakati halmashauri zinatengeneza ikama (orodha ya nafasi za watumishi zinazoombewa kibali) na bajeti ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai. Nenda kwake na karatasi moja. Weka idadi ya maafisa ugani wanaotakiwa na waliopo, kata zisizo na mtu, walioondoka na sababu iliyowaondoa kila mmoja. Chini yake weka maombi matatu: nafasi zilizo wazi ziingizwe kwenye ikama, fungu la kulipia posho za waajiriwa wapya kwa wakati, na mkataba wa muda kwa kijana anayejitolea. Mkumbushe kwamba ushuru anaoutegemea kuendesha halmashauri unatoka kwenye mikorosho ileile ambayo kata zake hazina afisa. Hilo la posho ya mazingira magumu kwa watumishi wa pembezoni ni la kitaifa, limekuwa likizungumzwa tangu Sera ya Malipo na Motisha ya mwaka 2010 na hata kabla. Lipelekeni kwenye baraza la wafanyakazi na kwa chama chenu, lisikosekane kwenye muhtasari, ila usilisubiri ndipo uanze kazi.

Karatasi hiyo ifike kwake kabla kamati ya fedha haijakaa, na barua ya kijana iwe imeambatanishwa nayo ikiwa na maoni yako na sahihi yako. Akikataa kumwachia, akatae kwa maandishi na aseme mpaka lini. Ukipata jibu hilo, mwite kijana umsomee mwenyewe.